Mashine Zisizo na Dereva Katika Njia za Waenda kwa Miguu

Tarehe 13 Septemba 2022 polisi wa mji wa Los Angeles, nchini Marekani, waliitwa upesi kwenye shule moja ya sekondari katika eneo la Hollywood. Mtu alikuwa amepiga simu kudai kwamba pana mwenye silaha anayefyatua risasi shuleni. Barabara zilifungwa, utepe wa manjano wa polisi ukavutwa kuuzunguka mtaa, na askari wenye silaha wakaanza upekuzi. Wakati shughuli hiyo ikiendelea, roboti moja ndogo ya kupeleka chakula, yenye magurudumu manne na ukubwa wa sanduku la nguo, ilikuja taratibu kwenye njia ya waenda kwa miguu hadi ilipofika penye utepe. Mtu mmoja aliyekuwa hapo akauinua utepe ule, nayo roboti ikapita chini yake na kuendelea na safari, ikikatiza mahali ambapo hakuna raia aliyeruhusiwa kukanyaga.

Picha za tukio hilo zilienea duniani, na watu wengi wakacheka. Baadaye ilithibitika kwamba taarifa ya risasi ilikuwa ya uongo, na hakuna aliyedhurika. Lakini kwa askari aliyepata kusimama zamu kwenye mpaka wa eneo la hatari, kichekesho hicho kina upande wake wa pili. Utepe wa polisi hauna nguvu yoyote ya kumzuia mtu. Nguvu yake yote ni kwamba kila mwenye akili timamu anaelewa maana yake. Hapo palikuja kitu kisichoelewa maana yake. Kingelikuwa ni mtu, angeliamriwa asimame, na angelikaidi angelikamatwa. Mashine ile ingeliamriwa na nani, na kwa lugha gani? Kampuni yenye roboti hiyo ilieleza kwamba, kwa kanuni zake, katika mazingira magumu kama yale huwapo binadamu aliye mbali, mbele ya kioo, ambaye huisaidia mashine kuamua. Kwa hiyo aliyevuka utepe, kwa hakika, alikuwa ni mtu ambaye hakuwapo mahali pale kabisa.

Yafaa kueleza kwanza mashine hizi ni nini, maana zimeanza kuenea katika miji ya Marekani, Ulaya na Mashariki ya Mbali, na habari zake hutangazwa mara nyingi kwa namna ya mzaha. Kampuni iliyotangulia kuzitawanya kwa wingi iliundwa mwaka 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, watu wawili waliokuwa wameshiriki kuunda mtambo wa simu wa Skype, na uhandisi wake ulifanyika Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Roboti yao ina magurudumu sita, uzito wa kilo 35 hivi, na mwendo usiozidi kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Juu yake husimama kijiti chenye bendera ndogo ili madereva na wapita njia waione. Ndani yake mna sanduku lililofungwa kwa kufuli, ambalo hufunguliwa na mteja mwenyewe kwa simu yake ya mkononi.

Sababu ya kuzaliwa kwake ni ya kibiashara. Kusafirisha shehena kutoka bandarini hadi ghalani ni rahisi, kwa kuwa mzigo mkubwa huenda pamoja. Kipande kilicho ghali ni kile cha mwisho, kutoka dukani hadi mlangoni pa mnunuzi, ambapo mtu mmoja na chombo kimoja hutumika kupeleka mkate mmoja na chupa ya maziwa. Wenye mitaji walikisia kwamba mtu huyo akiondolewa, gharama zitapungua. Wala si haki kusema kwamba mashine hizi hazina faida. Katika mji wa Milton Keynes, Uingereza, ambako zilianza kutoa huduma mwaka 2018, ziliwafaa sana wakazi katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, pale watu walipozuiwa majumbani na hali kila mgeni mlangoni aliogopwa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe, kwamba roboti hizi “zinajiendesha.” Zinajiendesha kwa sehemu. Kila moja ina kamera kadhaa na vihisi vinavyopima umbali wa vitu vilivyo mbele na pembeni, pamoja na ramani ya mtaa iliyochorwa mapema kwa uangalifu. Mahali palipo wazi na kavu, mashine hufanya kazi vizuri. Inapokutana na jambo ambalo halimo katika mafunzo yake, kama vile ukingo uliovunjika, mti ulioanguka au umati wa watu, husimama na kumwita mwangalizi aliye mbali. Kwa mtengenezaji, kusimama ndiyo hatua ya usalama kuliko zote. Hesabu hiyo ni sahihi kwa roboti yenyewe. Si sahihi daima kwa mtu mwingine anayeitumia njia ile ile.

Jambo hilo lilidhihirika mwezi Oktoba 2019 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, alikuwa akivuka barabara pana yenye magari mengi. Upande wa pili, kama ilivyo katika miji ya huko, ukingo wa barabara umekatwa na kufanywa mteremko mdogo ili viti vya magurudumu vipate kupanda kutoka barabarani. Juu ya mteremko huo ilikuwa imesimama roboti ya kupeleka chakula, ikingoja nafasi yake ya kuvuka. Haikurudi nyuma wala haikusogea pembeni. Mtu mwenye miguu mizima angelipanda ukingo hatua mbili kando yake na kulisahau jambo hilo. Mama huyo hakuwa na njia nyingine ya kutoka barabarani, huku taa za kuongoza magari zikikaribia kubadilika. Aliokoka kwa kulazimisha kupanda ukingo penye nafasi finyu. Alipolieleza jambo hilo hadharani, chuo kikasimamisha majaribio ya roboti hizo kwa muda.

Hapa pana funzo ambalo wahandisi wengi hawakuliona mezani mwao. Katika tukio la Pittsburgh roboti haikumgonga mtu, haikwenda kasi, wala haikuharibika. Ilisimama kimya, kama ilivyofundishwa, lakini ilisimama mahali ambapo kwa mtu fulani palikuwa ndipo mlango pekee wa uhai. Yeyote aliyepata kufundishwa kazi ya kuongoza magari anajua kwamba chombo kilichosimama mahali pabaya huweza kuua sawasawa na chombo kinachokwenda kasi. Wapo pia vipofu, ambao hutegemea masikio na fimbo. Mashine ya umeme yenye kimo cha goti haitoi mlio wa kutosha, na fimbo huigundua ikiwa imekwisha kuwa karibu mno. Wapo wazee wasioweza kuruka pembeni. Njia ya waenda kwa miguu ndiyo sehemu pekee ya barabara ambayo watu hawa wameachiwa, na si ajabu kwamba upinzani mkali zaidi umetoka kwao.

Ama kuhusu sheria, nchi na miji imekwenda njia mbalimbali, na tofauti zenyewe zinastaajabisha. Mwaka 2017 Virginia lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuziruhusu kwa sheria. Lakini liliweka kikomo cha uzito wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi bila mzigo, na mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Mwezi Desemba mwaka huo huo mji wa San Francisco, ulio jirani na viwanda vikubwa vya elektroniki, uliamua kinyume. Baraza la mji liliagiza kwamba kila roboti iwe na kibali, kwamba vibali visizidi mashine tisa kwa mji mzima na tatu kwa kampuni moja, kwamba mwendo usizidi kilomita tano kwa saa, kwamba majaribio yafanywe katika maeneo ya viwanda yasiyo na watu wengi, na kwamba binadamu aifuate kwa karibu, umbali usiozidi mita tisa. Mji unaowalea watengenezaji wa mashine hizi ndio ulioziogopa mapema kuliko miji mingine mingi. Mwezi Desemba 2021 baraza la mji wa Toronto, Kanada, lilipiga kura kuziondoa katika njia za miguu na za baiskeli, baada ya kuwasikiliza walemavu na wazee.

Pennsylvania, jimbo lile lile la tukio la Pittsburgh, lilikwenda mbali kuliko mengine. Sheria yake ya mwaka 2020 iliziweka mashine hizi katika daraja la waenda kwa miguu, na ikaruhusu uzito wa hadi ratili 550 bila mzigo, yaani kilo 250 hivi, na mwendo wa hadi kilomita 19 kwa saa katika njia za miguu. Msikilizaji na alipime jambo hilo kwa hesabu ya kawaida. Nguvu ya pigo la kitu kinachokwenda huongezeka kwa kadiri ya uzito wake, na huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita tano kwa saa na kumkumba mwenziwe, watapepesuka wote wawili na kuombana radhi. Chombo cha kilo 250 chenye mwendo wa kilomita 19 kwa saa kina nguvu ya pigo zaidi ya mara 40 kuliko mtu huyo. Katika sekunde moja kimekwisha kwenda mita tano na zaidi. Amri kutoka kwa mwangalizi aliye mbali ikichelewa nusu sekunde tu hewani, chombo kimesogea mita mbili na nusu kabla breki haijaguswa. Kukiita kitu cha namna hiyo “mwenda kwa miguu” ni kuipa sheria kazi ya mshairi.

Ni kweli kwamba roboti nyingi zilizomo mitaani ni nyepesi na za polepole kuliko kikomo hicho, na kwamba majimbo kadhaa hudai bima isiyopungua dola 100,000 kwa ajili ya madhara. Hata hivyo, ajali za aina nyingine zimekwisha kutokea. Mwezi Julai 2016, katika kituo cha maduka huko Palo Alto, California, roboti ya ulinzi yenye uzito wa kilo 136 hivi ilimwangusha mtoto wa miezi 16 na kuupitia mguu wake; vihisi vyake havikumtambua. Mwezi Desemba 2018 roboti ya kupeleka chakula iliwaka moto katika chuo kikuu cha Berkeley kwa sababu ya betri mbovu iliyotiwa kwa makosa ya kibinadamu. Moto wa betri za lithiamu si moto wa kuzimwa kwa ndoo moja ya maji, na askari wa zimamoto wanaujua ukaidi wake. Na mwishoni mwa Desemba 2024, katika eneo la Los Angeles, teksi isiyo na dereva iligongana na roboti ya kupeleka chakula kwenye kivuko. Pigo lilikuwa dogo. Lakini mkuu wa zamu anayeandika taarifa ya ajali hiyo atajaza jina gani mahali pa dereva wa kwanza, na lipi mahali pa dereva wa pili?

Lililo zito zaidi kwa vyombo vya usalama halihusu ajali. Tarehe 24 Oktoba 2023 chuo kikuu cha jimbo la Oregon, katika mji wa Corvallis, kiliwatangazia wanafunzi na wafanyakazi wake wote kwamba pana tishio la bomu ndani ya roboti za kupeleka chakula, na kwamba asithubutu mtu kuzifungua wala kuzikaribia. Kwa saa kadhaa mashine ambazo asubuhi ile zilikuwa zimebeba vitafunio ziligeuka kuwa vitu vya kutiliwa shaka. Ziliamriwa kutoka mbali zikae peke yake mahali pa usalama, zikakaguliwa, na hakikuonekana kitu. Mtu mmoja alikamatwa. Ilielezwa kwamba maneno yake yalikuwa ni utani.

Utani huo uliwafunulia wataalamu wa kutegua mabomu jambo ambalo haliwezi kufunikwa tena. Tangu zamani askari hufundishwa kukishuku kifurushi kilichoachwa bila mwenyewe. Sasa pamepatikana kifurushi ambacho kwa kawaida yake hakina mwenyewe karibu, kimefungwa kwa kufuli, kina betri na nyaya ndani, hupokea amri kwa mawimbi ya redio, na huenda chenyewe hadi mlangoni pa ofisi au nyumba ya mtu. Kila alama ambayo mlinzi alifundishwa kuitilia shaka imo humo, na imo kihalali. Na kwamba mashine ya magurudumu inaweza kubeba baruti hadi kwa mlengwa si nadharia: mwezi Julai 2016 polisi wa Dallas wenyewe waliitumia roboti ya kutegulia mabomu kupeleka kilipuzi na kumwua mtu aliyekuwa amejificha baada ya kuwapiga risasi na kuwaua maaskari watano. Hilo lilifanywa na dola, kwa uamuzi wa wakuu, mbele ya adui aliyejulikana. Mhalifu hataomba ruhusa.

Katika tukio la Corvallis jambo moja lilikwenda vizuri, nalo lafaa kuangaliwa. Waliokuwa na uwezo wa kuzisimamisha mashine zote kwa amri moja walipatikana, na wakashirikiana na wenye mamlaka. Wasingelipatikana upesi, polisi wangelilazimika kuiendea kila mashine, moja baada ya nyingine, mahali ilipo, bila kujua ipi imebeba nini. Hapo ndipo penye udhaifu wa mpango mzima. Usalama wa mtaa umewekwa katika ofisi iliyo mbali, pengine katika nchi nyingine, na polisi wa mtaa hana mkono wake humo ila kwa hisani ya mwenye mali. Mawasiliano yakikatika, au yakivurugwa kwa makusudi, mashine husimama pale ilipo. Na ikiwa hapo ni penye mlango wa hospitali au njia ya gari la zimamoto, itakaa hapo hadi watu waibebe.

Pana pia suala la macho. Roboti inayopita mitaani mchana kutwa huku kamera zake zikitazama ni shahidi asiyechoka. Mwaka 2023 ilijulikana hadharani kwamba polisi wa Los Angeles walikuwa wamepata picha kutoka kwa kampuni moja na kuzitumia dhidi ya watu waliojaribu kuiiba roboti yenyewe. Mpelelezi yeyote atalifurahia hilo. Lakini kamera inayoona mlango wa mwizi huona pia mlango wa kambi, huona zamu zinavyobadilishwa, na picha hizo hazimo katika kabati la jeshi. Zimo mikononi mwa mfanyabiashara.

Katika nchi za Maziwa Makuu mashine za kufanya kazi za watu si ngeni kabisa. Tangu mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa wameona roboti ndefu za alumini, zinazotumia nguvu ya jua, zikiongoza magari kwenye njia panda. Zilibuniwa na mhandisi wa Kikongo, Thérèse Izay Kirongozi, na chama chake cha wanawake mafundi. Madereva wasiomheshimu polisi wa kawaida walionekana kuiheshimu mashine, pengine kwa sababu haipokei chochote mkononi. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, damu ya wagonjwa hupelekwa hospitali za mbali kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Roboti ya Kinshasa imesimama mahali pamoja, na ndege ya Rwanda hupita juu ya vichwa vya watu na kudondosha mzigo wake mahali palipopangwa. Hakuna hata moja kati yake inayomwomba mama mwenye mzigo kichwani ampishe.

Mwenye kuzijua njia za miguu za Kampala, Bujumbura au Goma hahitaji kuelezwa kwa nini mashine ya Tallinn ingepata taabu humo. Ramani yake ingechorwa asubuhi na kuharibika kabla ya adhuhuri. Muuza ndizi amehamia kivulini, mfuniko wa mtaro umeondolewa, na bodaboda imepanda juu ya ukingo kukwepa msongamano. Watu hupishana humo kwa kutazamana machoni na kwa neno moja la adabu, na mpaka sasa hakuna kihisi kinachopima adabu. Kilo 35 za chuma zikisimama katikati ya njia kungoja msaada kutoka ng’ambo, msaada wa kwanza utatoka kwa vijana wa mtaa, na huenda usiwe ule uliotarajiwa na mwenye mali.

Kati ya nchi zilizozipokea mashine hizi, Japani imewapa polisi nafasi iliyo wazi zaidi. Sheria yake ya usalama barabarani iliyorekebishwa ilianza kutumika Aprili 2023. Kwa sheria hiyo, chombo kidogo kinachoongozwa kutoka mbali huruhusiwa kupita katika njia za waenda kwa miguu kikiwa hakizidi urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 120, na mwendo wake usizidi kilomita sita kwa saa. Hapana budi kiwapishe watu, na kiwe na alama ya kukitambulisha pamoja na kifaa cha kukisimamisha kwa dharura. Mwenye chombo hupeleka taarifa mapema kwa kamisheni ya usalama wa raia ya mkoa, ambayo ndiyo msimamizi wa polisi, akitaja njia zitakazotumika na mahali anapokaa mwangalizi. Kwa hiyo konstebo wa Kijapani akikuta sanduku la magurudumu limesimama mbele ya utepe wake, jina la mwenye sanduku hilo limekwisha kuandikwa katika daftari la mkoa kabla halijatoka ghalani.